D'Addario EXL110: nyuzi za kumi kwa gita la kazini, hasa ukiwa Pwani

Tuanze na hukumu. Kwa mpiga gita anayepanda jukwaani kila wiki, iwe hotelini, harusini, kanisani au kwenye bendi ya dansi, EXL110 ndiyo seti ya kuanzia, na wengi hawatapata sababu ya kuihama. Si kwamba inadumu. Haidumu, na Dar, Tanga, Mombasa au Unguja haidumu kabisa. Uzuri wake ni kwamba inatabirika: seti unayofunga leo inakaza na kulia sawa na utakayofunga mwezi ujao, nyuzi zake zinauzwa pia moja moja, na bei yake haikupi kisingizio cha kusubiri mpaka uzi ukatike mbele ya watu.

Ni seti ya nyuzi sita za gita la umeme kutoka D'Addario, kampuni ya Farmingdale, New York. Unene ni 10, 13, 17, 26, 36 na 46, kwa kipimo cha elfu za inchi. Uzi wa kwanza una robo milimita, wa sita una milimita moja na ushee. Huku kwetu zinaitwa tu "za kumi".

Nyuzi tatu nyembamba ni chuma kitupu. Tatu nene zina kiini cha chuma chenye pembe sita, kilichozungushiwa waya wa chuma uliopakwa nikeli. Pembe hizo zina kazi: waya wa nje hung'ata kwenye kona na hautelezi, kwa hiyo uzi ukikatwa ncha hauachii haraka kama ule wenye kiini cha mviringo. Hata hivyo kunja kwanza, ndipo ukate. Ni sekunde mbili tu, na zinakuepusha na uzi wa tano unaolia kama kopo.

Zote sita zimo kwenye mfuko mmoja uliozibwa, bila bahasha za karatasi. Unazitambua kwa rangi ya kipete cha mwishoni: fedha ni wa kwanza, zambarau wa pili, kijani wa tatu, nyeusi wa nne, nyekundu wa tano, shaba wa sita. Mchana, mezani, mpango huu ni mzuri sana. Jukwaani chini ya taa nyekundu, zambarau na nyeusi ni kitu kimoja, na hapo ndipo mtu anafunga uzi wa nne mahali pa wa pili huku mwimbaji akimkodolea macho. Kasoro nyingine ni kwamba mfuko ukishafunguliwa, umefunguliwa kwa nyuzi zote. Ukichomoa wa kwanza tu, watano waliobaki wanaanza kunywa hewa ya bahari siku hiyohiyo. Kwa dharura, basi, usifungue seti nzima. Nunua za moja moja: uzi wa kwanza unauzwa kwa namba PL010, wa pili PL013, wa tatu PL017, wa nne NW026. Kila mmoja mwekee bahasha yake na uiandike kwa kalamu nene.

Mkazo, na kwa nini za 9 zinakudanganya

Kwenye gita la urefu wa Fender, inchi 25.5 kutoka nati (kile kipande chenye mifereji sita juu ya shingo) hadi daraja (pale nyuzi zinapoishia kwenye mwili), na tyuning ya kawaida, uzi wa kwanza wa seti hii unavuta kama kilo 7.3, wa nne kilo 8.3, wa tano karibu kilo 9. Jumla ya nyuzi sita ni kama kilo 47. Seti ya 9 hadi 42 ya kampuni hiyohiyo, EXL120, inavuta kama kilo 39. Anayetoka kwenye 9 kuja kwenye 10 anaiongezea shingo kilo 8, na asishangae gita likikataa kukaa sawa wiki ya kwanza.

Angalia shingo baada ya siku moja. Bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo) na pale shingo inapokutana na mwili, kisha tazama nafasi juu ya freti ya saba. Ikitosha kupitisha kadi ya biashara kwa kubana kidogo, uko sawa. Ikiwa kubwa zaidi, kaza fito ya ndani ya shingo kwa robo mzunguko tu, tyuni, subiri, pima tena. Kukaza mzunguko mzima kwa mara moja ndiko kunakoharibu skrubu za watu.

Za 9 ni laini na vidole vinazipenda, lakini kwa gita safi la dansi, lisilo na mkwaruzo (distortion), zina ugonjwa: ukizipiga kwa nguvu noti inaanza juu kidogo kisha inashuka mahali pake. Mkwaruzo unaficha hilo. Sauti safi yenye efekti ya korasi na mwangwi hailifichi, inaliongeza. Ridhimu ikiwa na nyuzi za 9 na solo ikiwa na za 10, mnaweza kutyuni kwa tyuna ileile na bado mkasikika mmegombana. Za 10 zinatulia zaidi chini ya mkono mzito, na kwa mpiga ridhimu anayekata kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) zilezile dakika nane mfululizo, utulivu huo ni muhimu kuliko ulaini.

Sauti

Mpya, ni nyuzi zenye mng'ao, na mng'ao huo ndio sebene, ile sehemu ya kucheza ya dansi la Kongo, inautaka: solo inapanda kwenye freti ya 12 kwenda juu, inacheza kwenye nyuzi tatu za mwanzo, na kila noti lazima isikike ikiwa peke yake katikati ya ngoma na besi. Waya wa nikeli si mkali kama wa chuma cha pua, kwa hiyo haukwaruzi sikio kwenye spika kali za ukumbini. Kwa saa mbili tatu za kwanza zinaweza kuwa kali mno kwa mpigaji wa taarabu au wa nyimbo za pole. Punguza kitasa cha toni kwenye gita, usiguse mikisa. Kesho yake utakuwa umekirudisha.

Mng'ao unaisha hatua kwa hatua na sikio linazoea, ndiyo maana wengi wanachelewa kubadilisha. Kuna njia isiyodanganya: piga harmoniki kwenye freti ya 12 (gusa uzi tu juu ya freti bila kuubonyeza), kisha bonyeza freti hiyohiyo upige noti yenyewe. Kama jana zililingana kwenye tyuna na leo hazilingani wakati daraja halijaguswa, uzi umekufa. Umepata mabonde chini yake pale unapogonga freti, au uchafu umejaa kwenye mizunguko, na sasa uzito wake hauko sawa tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna kutyuni kutakakoutibu.

Ule ujanja wa kuchemsha nyuzi kwenye sufuria unatoa jasho na mafuta kwenye nyuzi za besi, kwa siku chache. Kwa gita si kazi ya maana. Nyuzi nyembamba hazina mizunguko ya kusafisha, na unyevu wa ziada unazimaliza kabisa.

Kufunga, hatua kwa hatua

Malalamiko mengi ya "nyuzi hizi hazishiki tyuning" ni malalamiko ya ufungaji. Fuata utaratibu huu.

1. Badilisha uzi mmoja baada ya mwingine, hasa kama daraja linaelea juu ya springi. Ukizitoa zote sita, springi zinalivuta daraja, na utatyuni mara kumi kabla halijarudi mahali pake.

2. Kabla uzi mpya haujapita, chukua penseli ya kawaida ya HB na usugue risasi yake ndani ya mfereji wa nati. Sugua pia chini ya kibano kinachoshika nyuzi kichwani, kama gita lako linacho. Ukisikia "tik" wakati wa kutyuni, uzi unakwama hapo kisha unaruka.

3. Pitisha uzi kwenye tundu la ufunguo, kile kifaa cha kichwani cha kukazia uzi. Kwa nyuzi nene acha ulegevu wa sentimita 4 hadi 5, upate mizunguko miwili. Kwa nyembamba acha 6 hadi 8, upate mizunguko mitatu au minne. Mizunguko ikiwa michache mno uzi mwembamba unateleza. Ikizidi, inapandiana na kuachia polepole katikati ya onyesho.

4. Kunja ncha kwa pembe kali pale inapotoka kwenye tundu. Zungusha huku mkono mwingine ukiukaza uzi, kila mzunguko ukae chini ya uliotangulia, usiupande.

5. Fika kwenye noti kutoka chini. Ukipita juu, shusha hadi chini ya noti kisha panda tena, ili meno ya ufunguo yabaki yamekaza upande mmoja.

6. Shika uzi kwenye freti ya 12, uinue sentimita moja au mbili kutoka kwenye shingo, uachie, tyuni. Rudia mara tatu au nne, mpaka ukivuta usishuke tena. Uzi wa tatu ndio mkaidi kuliko wote. Mpe zamu ya ziada.

7. Kata ncha, ubakize milimita 3. Ncha ndefu inachoma vidole na kutoboa mfuko wa gita.

Fanya hivyo usiku wa kuamkia onyesho, si nyuma ya jukwaa. Kama huna jinsi, funga nyuzi tatu za mwanzo tu na uache nene za zamani. Afadhali sauti isiyolingana kidogo kuliko seti nzima inayoshuka wimbo hadi wimbo.

Zinakatikia wapi?

Uzi ukikatika usiutupe kabla ya kuangalia ulipokatikia. Mahali penyewe panataja mkosaji, na mara nyingi si kiwandani.

Ukikatikia juu ya kitandiko, yaani kile kipande cha chuma kwenye daraja kinachobeba uzi, kuna ukingo mkali hapo. Paka wino wa kalamu nene kwenye mfereji, pitisha uzi, uone unapogusa. Kisha kata kipande cha uzi wa zamani wenye mizunguko, ukipitishe mbele na nyuma kama msumeno mara ishirini hivi, umalizie kwa msasa wa namba 600 uliokunjwa. Futa unga wote. Pwani kuna jambo la pili: jasho la kiganja linaangukia hapohapo na kuunda kutu ya kahawia chini ya uzi usikoiona. Kutu hiyo inakata sawasawa na ukingo.

Ukikatikia kwenye ufunguo, tundu lina makali au umekunja uzi mara mbili mahali pamoja. Ukifumuka kwenye kipete, pale uzi ulipojizungusha wenyewe, mkono wako ni mzito au daraja lako linaukunja vibaya. Wengine hutia tone la risasi ya kulehemu juu ya mafundo hayo, na inafanya kazi kama moto hautakaa zaidi ya sekunde mbili. Ukikatikia katikati, juu ya freti, tafuta freti iliyochimbika. Na ikiwa uzi wa kwanza peke yake ndio unakatika kila onyesho, tena mahali tofauti kila mara, pima piki yako, kile kipande unachopigia nyuzi. Piki nene ya milimita 1.5 ikipigwa karibu na daraja, kwa sababu spika ya jukwaani haisikiki, itakata uzi wa kampuni yoyote. Dawa yake ni kumwomba fundi mitambo akupandishie monita.

Hewa ya chumvi

Nairobi au Arusha seti hii inaweza kukaa mwezi mzima kwa mpigaji wa wikiendi. Pwani hesabu kwa maonyesho, si kwa tarehe. Kwa onyesho la saa nne na mkono unaotoka jasho, badilisha uzi wa kwanza na wa pili baada ya maonyesho matatu au manne, na seti nzima ifikapo la sita au la nane. Mwenye jasho kali, wale ambao nyuzi zao zinakuwa nyeusi usiku mmoja, wagawe hesabu hiyo kwa mbili.

Unaloweza kufanya ni kufuta. Si juu tu, chini pia, maana kutu inaanzia upande unaotazama freti. Pitisha kitambaa cha pamba kikavu, fulana iliyochakaa inatosha, chini ya nyuzi zote, kibane kwa vidole, ukivute kutoka nati hadi daraja mara tatu. Fanya kila mapumziko ya onyesho na kila mwisho wa kazi kabla gita halijaingia kwenye mfuko. Ndani ya mfuko weka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, vitatu au vinne, ubadilishe kila baada ya miezi michache. Na usimwachie gita rafiki aliyetoka kula mishkaki.

Kwa wapigaji wa mi-composé

Hapa seti hii inahitaji marekebisho, na ndipo nyuzi za moja moja zinapolipa. Katika mtindo wa Kongo wa mi-composé, gita linalokaa kati ya solo na ridhimu, uzi wa nne mnene unatolewa na mahali pake unawekwa mwembamba unaotyuniwa re ileile, oktava moja juu. Ndipo yale mapambio yanayometa, yanayosikika kama magita mawili, yanapopatikana.

Wengi wanachukua uzi wa kwanza wa ziada, namba 10, na kuuweka hapo. Unafika kwenye noti bila hatari ya kukatika, kwa kuwa noti hiyo iko chini ya mi ya uzi wa kwanza kwa toni nzima. Lakini mkazo wake unakuwa kama kilo 5.8 tu, huku jirani zake, wa tatu na wa tano, wakivuta kilo 7.5 na karibu 9. Unalegea, unapiga kelele kwenye freti, na ukibonyeza kodi kwa nguvu unapanda juu ya noti. Namba 11 inafika kama kilo 7.1, na kwa mikono mingi inatosha. Namba 12 inavuta kama kilo 8.4, karibu sawasawa na uzi wa nne uliotoka, kwa hiyo shingo na springi za daraja hazihisi mabadiliko. Kwa gita lenye daraja linaloelea, chukua 12 bila kubishana. Kwa daraja lisilotembea, jaribu 11 kwanza. Ina mng'ao zaidi.

Mambo mawili yanasumbua baada ya hapo. La kwanza ni mfereji wa nati: umechongwa kwa uzi wa 26, na huu mwembamba unacheza ndani na kunguruma ukipigwa wazi. Kipande chembamba cha karatasi kilichokunjwa chini yake kinamaliza usiku mmoja. Suluhisho la kudumu ni nati ya pili iliyochongwa na fundi, ukaitunza pamoja na ile ya awali. La pili ni intonesheni, yaani usahihi wa noti kila unapobonyeza shingoni. Uzi huu mwembamba unahitaji kitandiko kisogezwe mbele, kuelekea shingoni, kuliko kilivyokuwa kwa uzi wa mizunguko. Sogeza kidogo kidogo mpaka harmoniki na noti ya freti ya 12 zilingane. Bisibisi inatosha kwa hilo. Kwa kupandisha au kushusha kitandiko, magita mengi ya Asia yanatumia ufunguo wa pembe sita wa milimita 1.5, na Fender za Marekani ule wa inchi 0.050. Wa inchi usiulazimishe kwenye gita la milimita 1.5, ni mdogo na utazungusha tundu likawa la mviringo.

Zikilinganishwa na nyingine

Ernie Ball Regular Slinky ni unene uleule, 10 hadi 46, na ubishi kati ya hizo mbili ni wa vijiweni zaidi kuliko wa jukwaani. Ukizikuta zikiwa mpya na EXL110 hamna, nunua, usipoteze nauli. Asichopaswa mtu kufanya ni kuchanganya nusu ya hizi na nusu ya zile kisha kuzilaumu zote.

NYXL za D'Addario wenyewe, zilizotoka 2014, zina chuma imara zaidi na zimetengenezwa kwa mtu anayevuta nyuzi sana, wa bluzi na roki. Mpiga sebene havuti nyuzi kiasi hicho. Nyuzi zake zinauawa na kutu na kitandiko. Atalipa zaidi kutibu ugonjwa asiokuwa nao.

Elixir, zenye utando mwembamba juu, ndizo mshindani wa kweli Pwani. Zinakaa safi muda mrefu zaidi, na kwa anayepiga mara moja kwa wiki bei kubwa inarudi. Kwa anayepiga mara nne au tano hesabu inageuka: piki inauchubua utando pale unapopiga, nyuzi zinaota vinyweleo, na uzi wa kwanza unaweza kukatika mapema kama wa seti yoyote. Wapo pia wasiopenda unavyoteleza chini ya kidole. Kwa gita la akiba linalokaa kwenye mfuko likisubiri dharura, weka Elixir. Kwa gita la kila siku, EXL110.

Bandia

Nyuzi za D'Addario zinaigwa sana, na kampuni yenyewe imeendesha kampeni dhidi ya bandia. Ndani ya pakiti halisi kuna namba ya siri ya kuandikisha kwenye tovuti yao. Ikikataliwa, una jibu. Kabla ya kufika huko, angalia maandishi yaliyofifia, rangi za vipete zilizochanganyika au zinazobanduka kwa kucha, na mfuko wa ndani usiozibwa vizuri. Kipimo cha mwisho ni gita: bandia haikubali intonesheni, hasa uzi wa tatu na wa sita. Iwe ni Kariakoo au barabara ya Luthuli, nunua kwa muuzaji wa vyombo vya muziki ambaye utamkuta palepale wiki ijayo. Mwambie kwa sauti kwamba ni za gita la umeme, kwa sababu za shaba za gita kavu zikifungwa kwenye gita la umeme, pikapu (sumaku zinazonasa sauti chini ya nyuzi) haizisikii vizuri nyuzi nene, na wewe utashinda ukizungusha vitasa vya amplifaya bure.

Mkoba wa bendi

Seti hii inauzwa pia kwa pakiti ya kumi, na kwa kila seti bei inashuka. Mtu mmoja kununua kumi Pwani ni kuzihifadhia kutu, lakini bendi yenye solo, ridhimu na mi-solo (gita lile la katikati) inazimaliza haraka. Changeni. Kila mtu achukue seti mbili tatu, zinazobaki ziingie kwenye mkoba wa bendi. Mkoba huo uwe na seti moja nzima isiyofunguliwa, nyuzi za kwanza tatu, za pili mbili, wa tatu mmoja, wa nne mmoja, na ule wa 12 kama mna mtu wa mi-composé. Ongeza koleo la kukatia, kizungushio cha funguo, tyuna ya kubana kichwani yenye betri mpya, penseli, funguo mbili za vitandiko, kitambaa na tochi ndogo. Mkoba ukae kwa mtu mmoja, na asiwe yule anayechelewa.

Utaratibu wa kuazimana uwe wazi tangu mwanzo: ukichukua uzi mkobani usiku wa leo, unaurudisha kabla ya mazoezi yajayo, uzi kwa uzi, si ahadi. Uzi wa kwanza ni kitu kidogo, na kwa hiyo hakuna anayekumbuka kuurudisha. Halafu siku ya harusi kubwa mkoba una penseli tu. Bendi nyingine ikishiriki jukwaa nanyi na mwenzenu akakatikiwa, mpe bila kuuliza, hata kama wiki iliyopita waliwachukulia kazi.

Uzi ukikatika katikati ya wimbo, usisimame. Noti zote za uzi wa kwanza ziko kwenye wa pili, freti tano juu. Za wa pili ziko kwenye wa tatu, freti nne juu. Mtazame ridhimu; ridhimu anayejua kazi atashika mstari wa solo kwa mizunguko miwili, besi itajaza chini, na mwimbaji ataongeza kuita majina ya wafadhili mpaka umalize. Lakini yote hayo yanategemea daraja. Likiwa linaelea, uzi mmoja ukikatika springi zinashinda na nyuzi tano zilizobaki zinapanda juu zote, hapo huna cha kupiga. Asiyetumia mkono wa daraja, ule wa kutikisia noti, alilaze kabisa juu ya mwili: fungua kifuniko cha nyuma, ongeza springi mpaka tano au kaza skrubu mbili zinazoshika bati la springi, mpaka daraja lisiinuke hata ukivuta uzi wa tatu kwa toni nzima. Kwa nyuzi za 10, springi tatu zisizokazwa hazitoshi kwa hilo.

Wanaoshusha gita nusu toni ili kumsaidia mwimbaji wajue kwamba mkazo unapungua kwa kama asilimia 11, na za 10 zinaanza kulegea kama za 9. Wao wachukue EXL115, za 11 hadi 49. Wenye gita la urefu wa Gibson, inchi 24.75, watahisi ulaini wa namba hiyohiyo kwa kiasi kidogo zaidi, na hawahitaji kubadilisha chochote. Wapigaji wa zamani wanaotaka uzi wa tatu wenye mizunguko waombe EXL110W, ambayo wa tatu wake ni 20. Intonesheni ya kodi inanyooka, ila uzi huo hauvutiki tena kwa kidole kimoja.